Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: bei ya kikao ijulikane kabla ya M-Pesa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Kenya,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Tunaokuandikia ni wanasaikolojia, washauri nasaha na makarani wa madai ya bima. Hatuji kulia uhaba wa wataalamu, hilo umeambiwa na wengi. Tumekuja na jambo dogo zaidi ambalo waraka mmoja kutoka ofisini kwako unaweza kulinyoosha: namna vikao vya kisaikolojia vinavyowekwa na kulipiwa. Wateja wengi wanaopotea baada ya kikao cha pili hawakuchoshwa na mazungumzo. Walishtuliwa na bili.

Ombi letu ni kwamba kila kliniki, ya umma na ya binafsi, imkabidhi mteja karatasi ya ukurasa mmoja yenye bei na masharti kabla hajatoa hata shilingi. Ikimfikia kwa WhatsApp ni sawa, mradi imfikie kabla ya malipo.

Juu kabisa ya karatasi liwe jina la mtaalamu na nambari ya leseni yake. Anayehitaji dawa akiweka miadi kwa mwanasaikolojia atalipa kikao kizima kisha aelekezwe kwingine, kwa sababu mwanasaikolojia haandiki dawa. Hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili, ambaye yuko chini ya Baraza la Madaktari. Wanasaikolojia na washauri nasaha wana bodi yao, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2014. Katikati hapo wamejaa "makocha wa maisha" wenye cheti cha wikendi moja, na wengine hutoza bei sawa na ya mtaalamu. Mwananchi aweze kuhakiki nambari ya leseni kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida. Si kila mtu ana data.

Bei nayo, ikitajwa peke yake, haisemi kitu. Kikao kwa kawaida ni dakika 50, na zile 10 zinazobaki ni za mtaalamu kuandika kumbukumbu. Kikao cha kwanza, cha tathmini, huweza kufika dakika 90 na aghalabu hutozwa zaidi. Cha wanandoa kina bei yake. Anayechelewa dakika 20 hupewa 30 zilizobaki kwa bei nzima, na ni haki, kwa kuwa nyuma yake kuna mwenzake anayesubiri, lakini aambiwe mapema. Ujumbe wa kumkumbusha miadi nao uandike tarakimu pamoja na neno asubuhi au jioni. Mpokezi akisema "saa kumi" kwenye simu huku ujumbe ukionyesha 10:00, kikao hicho kimeshapotea.

Wanaoumia zaidi kwa bei ni wazazi wanaoleta watoto kupimwa kwa shida za kusoma au kutotulia darasani. Mzazi huja akidhani atalipia kikao kimoja. Kumbe kuna mahojiano naye, saa kadhaa za majaribio na mtoto, kuyasahihisha, kuandika ripoti, na kikao cha kumweleza matokeo. Akitajiwa bei ya majaribio bila ripoti, atarudi shuleni mikono mitupu, maana mwalimu mkuu anataka maandishi. Barua za mwajiri au mahakama hutozwa kando vilevile. Yote haya yaingie kwenye ukurasa ule, hata kama ni kwa mstari mmoja: "ripoti, shilingi kadhaa, siku kadhaa za kazi." Na kliniki yenye bei nafuu kwa wanafunzi na wasio na kazi iitaje hapohapo. Bei hiyo ikisubiri kuulizwa, atakayeipata ni mwenye ulimi mwepesi, si mwenye shida.

Sasa kuahirisha. Sharti la kawaida ni saa 24 kabla ya kikao: ukiahirisha ndani ya muda huo unalipa bei nzima. Hatuoni ubaya wa sharti lenyewe. Ubaya ni kwamba mwenye kadi ya bima hudhani kampuni ndiyo itakayolipa. Bima hulipia huduma iliyotolewa, na ndiyo maana mteja huweka sahihi au kidole, au hutaja nambari ya siri iliyotumwa kwenye simu yake, kila anapofika. Kikao asichohudhuria kitatoka mfukoni mwake. Kliniki ikimwambia aje kesho yake aweke sahihi ya jana ili "mambo yaishe", huo ni udanganyifu wa bima, na mteja ameshakuwa mshiriki bila kujua.

Vifurushi vya vikao ni mtego mwingine. Tuseme kikao ni Sh4,000, na kliniki inauza 10 kwa Sh32,000. Mteja anahudhuria 4 kisha anaacha. Zikihesabiwa kwa bei ya kifurushi, Sh3,200 kila kimoja, anarudishiwa Sh19,200. Zikihesabiwa kwa bei ya kawaida, anarudishiwa Sh16,000. Hesabu zote mbili zinaweza kutetewa, na ndiyo sababu lazima iandikwe ni ipi itakayotumika. Iandikwe pia pesa zitakwenda wapi mtaalamu akihama kliniki, maana mteja alimlipa mtaalamu na wala si jengo. Kwa maoni yetu, kifurushi cha zaidi ya vikao 6 kisiuzwe kabla ya kikao cha tatu. Kabla ya hapo hakuna anayejua kama wawili hawa wataelewana.

Mheshimiwa, utuvumilie kidogo kwenye M-Pesa, kwa kuwa hapo siri nyingi huvuja bila mtu kukusudia. Anayelipa kwa Till, nambari ya kununulia bidhaa na huduma, hatozwi ada. Kwa Paybill, nambari ya kulipia bili ambayo hudai pia akaunti, inategemea mwenye biashara alivyochagua, kwa hiyo bei ya Sh3,000 inaweza kumtoka mteja ikiwa na nyongeza. Hilo ni dogo. Kubwa ni jina la biashara linalotokea kwenye ujumbe na kwenye taarifa ya M-Pesa. Wakopeshaji na balozi huomba taarifa ya miezi kadhaa, na kila Alhamisi humo pameandikwa jina la kituo cha ushauri nasaha. Sehemu ya akaunti kwenye Paybill ni vivyo hivyo: kliniki humwambia mteja aandike jina lake, wengine wakaandika "counselling" kabisa. Inatosha kumpa nambari ya faili. Tena kuna mazoea ya kudai picha ya ujumbe wa malipo. Ujumbe ule unaonyesha salio la mteja! Karani anachohitaji ni zile herufi na tarakimu 10 za mwanzo tu, anazitafuta kwenye akaunti ya kliniki na kazi imekwisha. Aliyekosea nambari atume ujumbe huo kwa 456 mara moja, kisha aipigie kliniki. Akingoja hadi kesho, pesa zinaweza kuwa zimeshatumiwa na aliyezipokea.

Turudi kwenye bima, maana huko ndiko vikao vingi hufia. Utaratibu kwa kadi nyingi ni huu: daktari wa kawaida anaandika rufaa, kliniki inaituma kwa kampuni pamoja na makadirio ya gharama, kampuni inarudisha barua ya idhini, ndipo miadi huwekwa. Wengi hufanya kinyume: wanaweka miadi, wanafika, wanakaa kwenye benchi saa mbili wakisubiri idhini, na saa ya kikao imepita. Barua ya idhini hutaja idadi ya vikao, tarehe ya mwisho, na mara nyingi jina la mtaalamu. Vikao 8 vilivyoidhinishwa kwa siku 30 haviwezi kwisha kwa mtu anayekuja mara moja kwa wiki. Atapata vinne au vitano, vilivyobaki vitakataliwa hata kama kadi ina pesa, na barua mpya itabidi iombwe. Karani mzuri huiomba wiki moja kabla.

Halafu kuna kiwango. Kadi inasema, kwa mfano, Sh50,000 kwa mwaka kwa afya ya akili, na kikao ni Sh5,000. Mteja anahesabu vikao 10. Lakini ameshamwona daktari wa magonjwa ya akili mara mbili kwa Sh6,000 na kununua dawa za Sh8,000, vyote kutoka mfuko huohuo. Zimebaki Sh30,000, yaani vikao 6. Ikiwa kadi ni ya familia nzima, mfuko huo unaweza kuwa wa watu watano. Kabla ya kikao cha kwanza, kliniki iulize kampuni ya bima maswali matatu na kumwandikia mteja majibu: kimebaki kiasi gani, ni cha nani na nani, na mwenye kadi hutoa pesa ngapi mfukoni kila anapokuja.

Linalotukera kuliko yote ni alama za ugonjwa. Fomu ya madai hudai alama kutoka orodha ya kimataifa ya magonjwa. F32 ni sonona. F43.2 ni kushindwa kuzoea mabadiliko makubwa, kama kufiwa au kuachishwa kazi. Z63.0 ni matatizo na mume, mke au mpenzi. Madai ya alama za Z hukataliwa mara kwa mara, kwa hoja kwamba huo si ugonjwa. Matokeo yake mtaalamu hushawishika kumwandikia F mtu aliyekuja kwa ugomvi wa ndoa, ili kampuni ilipe. F hiyo inabaki kwenye rekodi, na siku mteja atakapoomba bima ya maisha ataulizwa historia yake. Mteja aonyeshwe alama kabla fomu haijatumwa, na awe na haki ya kusema, "Hapana, nitalipa mwenyewe."

Na ujumbe ule mfupi. Kadi ikitumika, baadhi ya kampuni humtumia mwenye bima jina la kituo na kiasi kilichotozwa. Mwenye bima ni mume, aliyekwenda kwenye kikao ni mke anayepigwa. Au ni baba, na aliyekwenda ni kijana wa chuo mwenye miaka 20. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti, kwa hiyo silaha ya kisheria ipo. Kinachotakiwa ni agizo kwamba kwa huduma za afya ya akili ujumbe uende kwa aliyehudumiwa akiwa mtu mzima, au uandikwe "huduma ya nje" bila jina la kituo. Kampuni za bima ziko chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima na Wizara ya Fedha, kwa hiyo itabidi mkae pamoja. Mkikaa, mkumbushane kwamba Sheria ya Afya ya Akili, tangu 1989 na tena katika marekebisho ya 2022, hairuhusu kampuni ya bima kumbagua mtu kwa ugonjwa wa akili.

Kwa upande wa SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, mfanyakazi amekuwa akikatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake tangu Oktoba 2024. Akifika kaunta anauliza jambo moja: kikao cha mazungumzo, bila kulazwa, kinalipwa au hakilipwi, na kifanywe na nani? Jibu lake libandikwe ukutani kwa Kiswahili katika kila kituo chenye mkataba, pamoja na kiwango cha hospitali kinachohusika.

Wakenya walio Ghuba na Uingereza wanapata vikao kwa mtandao, na matatizo yao yana dawa rahisi. Riyadh na Doha zina saa moja na Nairobi. Dubai na Muscat ziko saa moja mbele. Uingereza hubadilisha saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, nasi hatubadilishi, kwa hiyo kikao cha kila wiki husogea bila mtu kukisogeza. Miadi iandikwe kwa saa za pande zote mbili. Simu za WhatsApp kwa kawaida haziunganishi ukiwa Falme za Kiarabu, basi njia ya kuongea ijaribiwe kabla ya malipo.

Mfumo wa "lipa kwanza ndipo upewe miadi" hauwezi kumtofautisha aliye hatarini na anayeweza kungoja wiki mbili. Fomu ya miadi iulize kwanza kama mtu anafikiria kujidhuru, na akijibu ndiyo asionyeshwe Till. Aonyeshwe 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, na hospitali iliyo karibu. Wapo wanaoogopa kujibu kwa kudhani watashtakiwa. Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Mstari mmoja wa kuwaambia hivyo hauna gharama.

Rasimu ya karatasi tunayoiomba tunayo, kwa Kiswahili na Kiingereza, upande mmoja wa A4. Tutaileta siku tutakayoitwa, tukiwa na makarani wa bima kwanza na wanasaikolojia baadaye, maana makarani ndio wanaojua madai yanakataliwa kwa sababu gani.

Wako katika kazi,

Wanasaikolojia, washauri nasaha na makarani wa madai,
Nairobi na Mombasa