Maporomoko ya Sanje: kwa nini hatukubali kwenda na kurudi Dar siku hiyo hiyo

Ombi tunaloletewa mara nyingi ni hili: "Tutoke Dar alfajiri, tuone maporomoko ya Sanje, usiku tulale nyumbani." Tunafurahi mkiitamani Udzungwa, hifadhi ya taifa yaliko maporomoko hayo. Ila safari ya namna hiyo hatuifanyi, na ni haki yenu kujua sababu.

Kutoka Dar hadi mji wa Mikumi ni kama kilomita 300. Hapo unakata kushoto kushika njia ya Ifakara, kilomita 60 hivi mpaka Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi. Ukifika jua limeshakuwa kali, mgongo unauma, na kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Udzungwa si Mikumi, ambako unakaa garini na kutazama twiga dirishani. Hifadhi hii ya kilomita za mraba 1,990, iliyoanzishwa mwaka 1992, hutembelewa kwa miguu. Mzunguko wa Sanje huchukua kama saa 4, kupanda na kushuka, kwa mtu asiye na haraka. Mwenye haraka huteleza.

Na msitu wenyewe haufai kupitwa mbiombio. Upepo wa Bahari ya Hindi huja na unyevu, ukigonga milima hii hupanda, hupoa na kumwaga mvua. Udongo wa msituni huinywa mvua hiyo na kuiachia kidogo kidogo, ndiyo maana Sanje haikauki kiangazi. Maji huporomoka kwa ngazi tatu, jumla ya mita 170 hivi, kisha hushuka kuelekea bonde la Kilombero. Ukiwa juu unayaona mashamba ya miwa chini yako, kijani tupu.

Tunapenda kuwakalisha wageni kando ya kidimbwi, viatu vimevuliwa. Manyunyu yanakulowesha kope kabla hujayagusa maji. Jiwe jeusi linalong'aa usilikanyage, hata kama linaonekana kavu. Ukitulia, utasikia matawi yakitikisika: mbega wekundu wa Udzungwa wanahama mti. Mwenye bahati humwona ngolaga, nyani mdogo wa kijivu asiyepatikana popote duniani nje ya milima hii. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979. Wenyeji walikuwa wameshampa jina zamani. Mtu anayeangalia saa kwa hofu ya foleni ya Kibaha hawezi kumsubiri ngolaga.

Kwa hiyo tunaondoka Dar siku moja kabla, tunalala Mang'ula, na asubuhi na mapema tuko langoni na mwongozaji. Kiingilio hakilipwi kwa pesa taslimu, hivyo tunalipa mapema kwa namba ya malipo. Tutumieni majina kamili na uraia wa kila mmoja.

Juni hadi Oktoba njia huwa kavu. Masika maji hujaa na kunguruma, kwa kweli ndipo Sanje inapopendeza zaidi, lakini mvua ikizidi tunaahirisha. Njooni na viatu vyenye meno, si kandambili, na maji lita 2 kwa kila mtu. Ukikutana na siafu, ruka msafara wao na uendelee, usisimame kupiga picha.

Kama mnakuja na mama mwenye magoti mabovu, tuambieni mapema. Karibu na makao makuu kuna maporomoko ya Prince Bernhard, njia yake ni fupi, na tutampeleka huko taratibu wakati ninyi mnapanda Sanje.