Watakaokwenda Mirihi nao wanahitaji pazia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu makala yenu juu ya safari ya binadamu kwenda Mirihi. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli ya useremala mkononi. Roketi mmeieleza vizuri, mafuta mmeyaeleza, na ile miezi 6 hadi 9 ya kwenda tu mmeitaja. Lakini chumba ambamo hao watu watalala, watakula na kununiana, hakikupata hata mstari mmoja. Mimi nimeishi ndani ya chombo muda mrefu, kwa hiyo sikuweza kunyamaza.

Nilikuwa baharia wa meli ya mizigo kuanzia 1989. Kampuni iliyotuajiri sitaitaja. Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa miezi 9, wakauvuta hadi 14. Tulipewa kabini ya chini watu wanne, ukuta mmoja na chumba cha injini, bila dirisha. Vitanda viwili vya dabodeka, na katikati yake uchochoro: mmoja akivaa suruali, watatu wangoje vitandani. Mke wangu alikuwa amenifungia doti ya kanga ndani ya begi. Kipande kimoja nilikipigilia misumari midogo kwenye ukingo wa kitanda cha juu, kikawa pazia. Taa ya kabini ilikuwa upande wa nje, kwa hiyo mimi niliyelala ndani niliyasoma maandishi ya kanga kinyumenyume kila usiku: Mvumilivu hula mbivu. Kanga ile haikuzuia sauti wala harufu ya dizeli. Lakini ikishateremshwa, hakuna aliyenisemesha. Ndani yake nililia siku nilipoletewa habari ya msiba wa baba yangu, na wenzangu watatu, Mungu awabariki, walifanya kama hawapo.

Ndiyo maana nilifurahi kujua kwamba Kituo cha Kimataifa cha Anga kina vyumba vya kulala vya mtu mmoja mmoja. Vinne viko katika sehemu iitwayo Harmony, kila kimoja kama meta 2 za ujazo, ukubwa wa kabati la nguo. Ndani kuna mfuko wa kulalia uliofungwa ukutani na kompyuta, na kuna mlango wa kufunga. Walioweka mlango ule walijua walichokuwa wakifanya.

Wiki iliyopita nilichora kwa chaki kwenye sakafu ya karakana yangu mraba wa meta 2 kwa 2, nikasimamisha mbao za meta 2 na robo kwenye pembe. Hizo ni meta 9 za ujazo, karibu sawa na nafasi ya kukaa iliyomo ndani ya Orion, chombo cha Wamarekani cha kuwapeleka watu wanne hadi Mwezini. Niliwaingiza vijana wangu wanne wa kazi. Dakika tano hazijaisha, mmoja akaanza kumlaumu mwenzake kwa viwiko. Najua kule juu hakuna uzito, mtu hulala hata darini, na kila upande wa chumba unatumika. Tena Orion ni ya safari za wiki chache. Kwenda Mirihi na kurudi, ukijumlisha na kungoja sayari zijipange upya, ni karibu miaka 3.

Ripoti moja ya wataalamu wa NASA, shirika la anga la Marekani, ya mwaka 2014 ilisema safari ya miezi 30 inahitaji walau meta 25 za ujazo kwa kila mtu. Nilizigeuza kuwa futi, maana sisi mafundi ndiyo lugha yetu. Zinatoka chumba cha futi 10 kwa 10 chenye dari ya futi 9. Hicho ndicho chumba cha kupanga cha hapa Ngamiani! Ila mpangaji wa Ngamiani ana baraza, ana kijiwe cha kahawa, na jioni anaweza kushuka Raskazone akapunga upepo. Yule mwanaanga akifungua mlango anakutana na nyuso zilezile za jana na za mwaka jana.

Kelele nazo si jambo dogo. Pasipo uzito hewa ya moto haipandi, na pumzi aliyoitoa mtu aliyelala hubaki imemzunguka uso. Kwa hiyo feni lazima zizunguke usiku na mchana, zikizimika mtu anavuta hewa yake mwenyewe iliyokwisha kutumika. Usiku mmoja katika Bahari ya Hindi injini yetu ilikata ghafla. Sote wanne tuliamka na kukaa kitako gizani, hatusemi. Ukimya ndio uliotutisha. Nadhani wanaanga wanaijua hofu hiyo. Lakini mtu kuzoea kelele haina maana kwamba hazimli, na nilishuka meli ile nikiwa mtu wa kufoka hovyo nyumbani kwangu. Kwenye vyumba vya kituo cha anga wamebandika mablanketi ya kumeza sauti. Hiyo ni kazi ya fundi wa magodoro na mshonaji, wala si ya mtu wa roketi peke yake.

Na mwanga. Kituo kile kinapoizunguka Dunia, jua huchomoza na kuzama mara 16 kwa siku, na tangu 2016 wamebadilisha zile taa za mirija wakaweka za LED, zenye mwanga wa kazi, mwanga wa kuamshia na mwanga wa kuelekea kulala. Njiani kwenda Mirihi jua halitui kabisa. Magharibi itabidi itengenezwe na taa. Moscow walifungia wanaume sita kwa siku 520, kuanzia 2010 hadi 2011, ndani ya chombo cha kuigiza safari ya Mirihi kisicho na madirisha, na baadhi yao usingizi uliwavurugikia. Sikushangaa hata kidogo. Katika kabini yetu kulikuwa na jamaa wa Pangani aliyeanza kuamka saa nane za usiku na kufua nguo.

Mwaka 1967 NASA walimwita Raymond Loewy, mbunifu wa Marekani aliyezoea kuchora treni na mabasi, awashauri juu ya kituo chao cha anga cha Skylab. Akang'ang'ania dirisha. Wahandisi hawakulitaka, kwao kila tundu ni udhaifu wa ukuta. Dirisha likawekwa, na Skylab iliporushwa Mei 1973, hapo ndipo wanaanga walipopitishia muda wao wa mapumziko. Meza yao ya chakula nayo ilikuwa ya pembe tatu kwa watu watatu, ili asiwepo wa kukaa kichwani pa meza. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hilo, tunakula sinia moja, na sinia haina kichwa. Kwenye meli yetu maafisa walikula chumba chao na sisi chetu, kila mtu na sahani yake na saa yake kufuatana na zamu. Mwezi wa kumi mabaharia wawili walipigana kwa sababu ya kikombe cha plastiki. Ninaamini kabisa kwamba tungekuwa tunakula pamoja, kikombe kile kisingemwaga damu.

Lakini aliyenigusa zaidi ni mama mmoja wa Urusi, Galina Balashova, aliyechora ndani ya vyombo vya Soyuz, kisha vituo vya anga vya Salyut na Mir. Sakafu aliipa rangi nzito na dari rangi nyepesi, ili mtu anayeelea ajue wapi ni chini na wapi ni juu. Kisha akachora kwa mkono wake picha ndogo za rangi za maji, mandhari za kwao, zikatundikwa ukutani mwa chumba cha kuishi cha Soyuz. Chumba hicho hakirudi ardhini, huungua kinapoingia angahewa, na picha zake ziliungua pamoja nacho. Nilipolijua hilo niliikumbuka kalenda yangu kule kabini, yenye picha ya milima ya Usambara. Mwaka uliisha, tarehe hazina kazi tena, na hakuna aliyekubali niitoe. Hata Mfilipino aliyelala juu yangu, asiyejua Lushoto iko wapi, aliizoea akawa anaitazama akinywa chai.

Wa Mirihi watalihitaji jambo hilo kuliko sisi wote. Anayekaa kwenye kituo cha anga ana madirisha 7 ya Cupola, kile chumba cha kutazamia nje, na Dunia nzima iko chini yake. Wa Mirihi wataiona Dunia ikisinyaa mpaka iwe nukta kama nyota nyingine, na wakimsalimu mama nyumbani, salamu itachukua dakika 3 hadi 22 kufika, kutegemea umbali. Kwa hiyo Mhariri, mtakapoandika tena, wapigieni simu hao wataalamu mtuletee vipimo vya ndani. Kitanda kina urefu gani? Kina mlango au pazia? Wote wanaenea mezani kwa pamoja? Sauti ya feni imefikia wapi? Andikeni kwa herufi kubwa kama mnavyoandika uzito wa roketi, maana wanafunzi wa ushonaji na useremala hapa Tanga wanadhani anga ni ya waliosoma fizikia tu, na mimi nina vijana wanne wanaodhani hivyo hivyo.

Mraba wa chaki sijaufuta. Vipimo vikitoka gazetini, nitavipima humo humo.

Baharia mstaafu na fundi seremala,
Ngamiani, Tanga