Mazoezi ya tiara kabla ya safari ya theluji

Ndugu wanakikundi, hamjambo.

Kwa kuwa baadhi yetu wanajiandaa kwenda Hardangervidda, Norwe, kujifunza kuteleza juu ya theluji kwa kuvutwa na tiara, naomba Jumamosi tuanze na tiara ndogo kwenye uwanja wa nyasi hapa Kisumu, mbali na nyaya za umeme, kabla upepo wa ziwa haujashika kasi alasiri. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu ya tiara kumvuta mtu huwa mara 4, na theluji haimzuii mtu kama nyasi. Ndiyo maana nasisitiza kila mmoja azoee kuiachia tiara kwa kifungua cha dharura hadi mkono uende wenyewe. Kofia ngumu ni lazima. Mawingu ya radi yakionekana upande wa Nandi, tutakunja mara moja.