Paducah, Kentucky: mji mdogo unaostahili siku mbili za mpenda sanaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wasomaji wenzangu waishio Marekani, hasa wale walio katika majimbo ya Kusini, kuhusu namna ya kupanga safari ya siku mbili kwa ajili ya sanaa. Makala za safari tunazozisoma kwa Kiswahili kuhusu nchi hii zimejaa habari za New York, Washington na Las Vegas, lakini familia nyingi zinazozungumza Kiswahili haziishi huko. Ziko Louisville, Lexington, Bowling Green na Nashville. Nyingi zilitoka Kongo zikapitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda, na wazazi wengi wanafanya kazi za zamu zinazowaachia mapumziko ya Jumamosi na Jumapili pekee, tena si kila juma. Kwa familia ya namna hiyo, nauli ya ndege ya watu sita kwenda jiji kubwa ni jambo la kudunduliza mwaka mzima, ilhali saa chache kwa gari kutoka nyumbani upo mji wa watu wapatao 27,000 ambao umeishikilia sanaa kama wengine wanavyoshikilia kiwanda au bandari. Mji huo ni Paducah, magharibi mwa Kentucky, mahali Mto Tennessee unapoingia katika Mto Ohio.

Kwanza niseme juu ya barabara, kwa sababu safari nyingi za wikendi huharibikia hapo. Kutoka Nashville ni mwendo wa saa mbili na ushei kwa barabara kuu ya I-24, na kutoka Louisville ni kama saa tatu na nusu. Paducah iko katika majira ya kati ya Marekani, ilhali Louisville na Lexington ziko katika majira ya mashariki, hivyo anayetoka huko huongezewa saa moja anapokwenda na kunyang'anywa saa hiyo hiyo anaporudi. Mwenye zamu ya alfajiri siku ya Jumatatu asiisahau saa hiyo. Treni ya abiria haifiki mjini, kwa hiyo gari ni la lazima, ingawa ukishafika na kuliegesha karibu na mto, sehemu kubwa ya mambo ninayoyaeleza hapa yafikika kwa miguu.

Siku ya Jumamosi naishauri itengwe kwa Makumbusho ya Taifa ya Kwilti, yaani mablanketi ya vitambaa vilivyounganishwa na kushonwa kwa tabaka, na itengwe kweli, yaani asubuhi nzima bila kuipachika shughuli nyingine. Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1991 na mume na mke wa mji huo, Bill na Meredith Schroeder, na mwaka 2008 Bunge la Marekani liliyatambua kuwa ya taifa. Anayekwenda akitarajia kuona mablanketi ya kale ya vijijini atashangaa, kwa kuwa sehemu kubwa ya mkusanyiko wake, wenye kwilti zaidi ya 600, ni kazi za kuanzia miaka ya 1980 hadi leo. Kwilti ina tabaka tatu: uso wa vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, pamba ya katikati, na kitambaa cha mgongoni. Tabaka hizo hukazwa kwa mishono inayopita zote tatu, na mishono hiyo yenyewe huchora mchoro wa pili juu ya ule wa rangi. Ukisimama mbali waona picha. Ukisogea hatua tatu waona maelfu ya maamuzi ya mkono mmoja. Miongoni mwa kazi zinazomilikiwa na makumbusho hayo ni ile ya Caryl Bryer Fallert ya mwaka 1989 iitwayo Corona II: Solar Eclipse, inayoonyesha kupatwa kwa jua kwa vitambaa alivyovitia rangi mwenyewe. Kwilti hubadilishwa ukutani mara kwa mara ili mwanga usizichoshe, kwa hiyo mtu asiende kwa ajili ya kazi moja tu, bali aende akiwa tayari kukutana na atakazozikuta.

Niliwahi kwenda Paducah, wakati wa maonyesho ya kwilti ya mwezi Aprili, pamoja na mama mmoja wa jumuiya yetu, fundi cherehani aliyeshona vitenge Uvira na baadaye, kwa miaka mingi, katika kambi ya Nyarugusu. Kiingereza chake ni kidogo, na njiani alikuwa na wasiwasi kwamba hatapata la kusema. Katika maonyesho hayo wageni hawagusi kazi. Wapo watu wa kujitolea waliovaa glovu nyeupe, ambao ukiwaomba hukushikia pindo la kwilti na kukugeuzia. Mama alimwonyesha mmoja wao kwa mkono kwamba anataka kuona nyuma. Alipogeuziwa aliinama mpaka uso ukakaribia kitambaa, akaufuata mshono mmoja kwa macho kutoka ukingoni hadi katikati, kisha akaniambia, "Huyu hakukata uzi." Tulikaa mbele ya kazi ile moja muda ambao wengine waliutumia kumaliza safu nzima, na alipoinuka alikuwa ameshaelewana na yule mwenye glovu kwa vidole na vichwa, maana wote wawili walikuwa mafundi. Tangu hapo nashikilia kwamba familia inayopanga safari ya sanaa ianze kwa kujiuliza ni nani kati yao anafanya kazi kwa mikono, na ni kazi ipi, halafu iuchague mji kwa kumfuata huyo. Kwa washonaji, Paducah haina mpinzani katika eneo lote hili, na hata duka lake maarufu la vitambaa, Hancock's of Paducah, laweza kummalizia mshonaji mchana mzima, pamoja na mfuko wake asipokuwa mwangalifu.

Baada ya chakula cha mchana inafaa kutembea Lower Town, mtaa mkongwe ulio hatua chache kutoka katikati ya mji. Nyumba zake za mbao na matofali za karne ya 19 zilikuwa zimechakaa, nyingi zikawa za kupangisha kwa bei ya chini na nyingine zikaachwa tupu, hadi mwaka 2000 msanii Mark Barone, aliyekuwa akiishi hapo, alipoishawishi serikali ya mji ianzishe mpango wa kuwaalika wasanii kutoka nchi nzima waje kuzinunua na kuzikarabati. Baadhi ya nyumba ziliuzwa kwa dola moja. Sheria za mtaa zilirekebishwa ili mtu aweze kuishi, kufanya kazi na kuuza chini ya paa moja, na benki ya mji huo, Paducah Bank, ilikubali kukopesha fedha zilizozidi thamani ya nyumba yenyewe, jambo ambalo benki nyingi zisingethubutu, kwa kuwa gharama ya kukarabati ilikuwa kubwa kuliko bei ya soko. Mpango huu uliigwa na miji mingine. Sitaki msomaji afike akidhani kila mlango bado ni karakana ya msanii. Baadhi waliondoka miaka iliyofuata, na waliobaki wana saa zao za kufungua. Lakini nyumba zimesimama, chuo cha sanaa na usanifu cha mji kipo mtaani humo humo, na ukimkuta mfinyanzi au mchoraji amefungua mlango, mara nyingi utazungumza na mwenye kazi mwenyewe. Nunua kitu hata kama ni kikombe kimoja. Mji wa namna hii huishi kwa wanunuzi, na sifa za wapita njia hazimlipii msanii umeme.

Jioni ni ya ukuta. Mwaka 1937, kuanzia Januari, Mto Ohio ulifurika mpaka kimo cha futi 60.8, sawa na mita 18 na nusu hivi, na karibu wakazi wote wakalazimika kuuhama mji. Ukuta wa zege uliojengwa baada ya maafa hayo uliulinda mji, lakini uliwaziba watu wasiuone mto uliowalea, na kwa miaka mingi ulikuwa kijivu kitupu. Kuanzia 1996 mchoraji Robert Dafford wa Louisiana, pamoja na wenzake, waliupaka historia ya mji, na leo kuna michoro zaidi ya 50 iliyopangwa mfululizo, kila mmoja na kibao chake cha maelezo. Hakuna kiingilio. Watoto wanaweza kukimbia kutoka mchoro mmoja hadi mwingine bila mlinzi kuwakaripia, na mzazi mwenye subira anaweza kuwasomea vibao na kuwatafsiria, kuanzia wenyeji wa asili, kupitia meli za mvuke na vita vya wenyewe kwa wenyewe, hadi mafuriko yenyewe.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonisukuma kuandika. Miongozo mingi ya safari za Paducah huishia kwenye kwilti, karakana na ukuta, na msomaji akirudi nyumbani anakuwa ameona nusu ya mji. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanamke Mweusi, Maggie Steed, alianzisha Hoteli Metropolitan katika mtaa wa watu Weusi, wakati ambapo sheria na desturi za ubaguzi ziliwazuia wasafiri Weusi kulala katika hoteli za Wazungu. Hoteli hiyo iliandikwa katika Green Book, kitabu cha mwongozo kilichowaonyesha wasafiri Weusi wapi wangepokelewa kwa usalama. Louis Armstrong, Duke Ellington, Ella Fitzgerald na B.B. King ni miongoni mwa wanamuziki waliolala hapo. Watu waliopigiwa makofi na ulimwengu hawakuwa na mahali pengine pa kuweka vichwa vyao katika mji huo, na aliyewafungulia mlango hapo mwanzo ni mwanamke aliyejua gharama ya kufungiwa milango. Jengo lilinusurika kubomolewa na sasa ni makumbusho. Ni nyumba ya kawaida kwa macho, ya mbao, bila madoido, na kwa sababu hiyo hiyo naiona kuwa kituo kikubwa cha sanaa kuliko kumbi nyingi za marumaru.

Watoto wetu wanaosoma shule za Kusini husikia habari za ubaguzi kama tarehe za mtihani. Wakisimama ndani ya vyumba vile, wakaambiwa nani alilala humo na kwa nini, wanaelewa kwa namna nyingine nchi waliyohamia na watu waliowatangulia katika kudai haki ambazo wao wanazikuta zipo. Kwa hiyo naomba mtu yeyote anayepanga safari hii aipe Metropolitan nafasi ya uhakika, si ile ya "tukipata muda". Apige simu siku kadhaa kabla ili ajue kama atapata mtu wa kumtembeza, kwa kuwa si mahali pa kufika tu na kukuta mlango wazi. Anayeweza kuchagua mwezi, aangalie pia tarehe 8 Agosti, siku ambayo watu Weusi wa Paducah na maeneo ya jirani wamekuwa wakiadhimisha ukombozi kutoka utumwani kwa vizazi vingi, na ambayo huwarudisha mjini watoto wa mji walioko mbali.

Mengine nayataja kwa haraka. Jengo la soko la kale la mwaka 1905 sasa lina ukumbi wa michezo ya kuigiza, makumbusho ya mji na nyumba ya sanaa ya Yeiser, na ukumbi wa Carson, uliofunguliwa mwaka 2004 kando ya mto, huchukua watu wapatao 1,800. Itazameni ratiba zao kabla ya kuchagua juma la safari. Nyama ya kuchoma ni fahari ya eneo hilo, ila mara nyingi ni ya nguruwe, basi asiyeila aulize kabla ya kuagiza. Juma la maonyesho ya kwilti mwezi Aprili huleta maelfu ya wageni, na vyumba hujaa miezi mingi mapema kwa bei iliyopanda. Asiyekuwa mshonaji achague juma lingine lolote. Na kwa kuwa makumbusho ya miji midogo mara nyingi hufunga au hupunguza saa siku ya Jumapili, mambo ya ndani yafanywe Jumamosi, Jumapili ibaki kwa ibada, kutembea na barabara ya kurudi.

Mwaka 2013 UNESCO iliiingiza Paducah katika mtandao wake wa miji bunifu, kwa upande wa kazi za mikono na sanaa za jadi. Heshima hiyo wameipata majiji makubwa ya dunia, na Paducah imo pamoja nayo kwa sababu ya sindano na nyumba zilizokarabatiwa. Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti lifungue nafasi, hata ya safu moja kwa mwezi, kwa wasomaji walioko ughaibuni watuandikie kuhusu miji midogo iliyo karibu nao: nani anatengeneza nini huko, mlango gani hufunguliwa siku ipi, na watoto walifurahia nini. Najua wapo wenzetu Alabama, Georgia na North Carolina wenye mengi ya kusema, na mimi ningekuwa wa kwanza kuwasoma.

Wako mtiifu,
Msomaji wenu,
Louisville, Kentucky