Barua kwa dada yangu, kuhusu chungu cha biringanya

Dada,

Habari zako nazipata kwa watu, maana mimi huniandikii. Basi nakuandikia hapa hapa, atakayesoma na asome.

Huku Leicester, Uingereza, joto limeingia na biringanya zimejaa. Nanunua Belgrave Road kwa Wahindi, zile ndogo za mviringo. Wengi wao ni watu wa Uganda, waliofukuzwa na Amin mwaka 1972, na mzee wa duka hunisemesha Kiswahili huku akinichagulia ngumu zenye ngozi ya kung'aa. Jana nimezibabua juu ya moto wa gesi mpaka ngozi ikaungua kabisa, nikazimenya, nikaziponda. Kitunguu, thomu, nyanya, bizari, tui jepesi, ukwaju kidogo, ndipo biringanya. Tui zito mwisho, nakoroga lisikatike. Nyumba nzima ilinukia kwetu.

Najua utasema nini. Ulishasema siku ya arobaini, mbele ya wakubwa na wadogo: "Mama hakupika hivi." Ukakifunika chungu changu, ukakisukuma kwa mguu nyuma ya mlango wa jiko. Kwa mguu, dada! Chakula cha hitima ya mama yetu. Shangazi akainamisha kichwa, mimi nikaendelea kuosha sahani.

Haya, sikiliza. Mama alikuwa akikaanga vipande, na biringanya hunywa mafuta yote utakayoitilia. Unavyokumbuka ni kweli. Lakini kiangazi kile alichokaa kwangu, presha imempanda, ni yeye aliyesema tuzibabue. Alisimama jikoni hapa, kanga kiunoni, akizigeuza kwa vidole, koleo hataki, akasema ule moshi unamkumbusha jiko la kuni la bibi. Wewe hukuwepo.

Sikulaumu. Wewe ndiye uliyemwogesha, ukamlisha alipokuwa hawezi hata kushika kijiko, na Mungu akulipe. Ila usinifundishe mama yangu.

Na wewe presha unayo, dada. Babua, chumvi punguza, ukwaju utaleta ladha. Mimi sikubuni kitu. Nilifuata nilivyoonyeshwa, na lau angenionyesha vingine ningepika vingine.

Halafu ule upawa wake wa kifuu. Ulisema utaamua baada ya arobaini, na arobaini imepita. Mpe mtoto wa kaka aje nao, anasafiri mwezi wa nane.

Mdogo wako