Poka ya Pesa Nyingi Mtandaoni Inawanasa Vijana Wenye Akili

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie mchezo ambao hautajwi sana tunapojadili kamari hapa Nairobi. Tumesema mengi kuhusu ubashiri wa mechi za kandanda na kuhusu ule mchezo wa ndege inayopaa kwenye simu, ambao vijana huucheza hata ndani ya matatu wakielekea kazini. Mnamo Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia kamari ilipiga marufuku matangazo ya kamari kwa siku 30, na mjadala ukapamba moto kila mahali. Lakini poka ya mtandaoni, yaani mchezo wa karata wa kuwekeana pesa, hasa ile ya madau makubwa, haina bango barabarani wala kibanda mtaani. Huchezwa usiku, chumbani, kimya kimya na kwa dola, na wengi ninaowajua wanaoicheza ni vijana wenye shahada na kazi nzuri, ambao wazazi wao hawana habari yoyote.

Nilifundisha hisabati katika shule za upili kwa miaka 31 kabla ya kustaafu. Ninaandika kwa sababu ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye nilimfundisha mwenyewe darasani, na ambaye mwaka jana alipoteza akiba yake yote pamoja na pesa ambazo mamake alimkabidhi za kumalizia malipo ya ploti huko Kitengela. Amekubali niandike, mradi nisimtaje jina.

Nilipomuuliza mara ya kwanza kuhusu jambo hili, alinijibu kwa utulivu: "Mjomba, hii si kamari. Ni hesabu." Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wanisikilize vizuri, kwa kuwa kijana yule hakuwa akisema uongo. Katika poka hushindani na mwenye kasino, bali na wachezaji wenzako mlioketi nao mezani. Kila mmoja hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa hatua kwa hatua katikati ya meza, na katika kila hatua mchezaji huamua kama ataongeza dau, atalifuata la mwenzake, au ataziacha karata zake na kukubali hasara ndogo. Mwenye kujua kukadiria uwezekano, mwenye subira na mwenye jicho la kusoma tabia ya mpinzani hupata faida baada ya muda mrefu, na wapo watu duniani wanaoendesha maisha yao kwa kazi hiyo. Mzazi anayemwambia kijana wa namna hii kwamba poka ni bahati tupu amemaliza mazungumzo kabla hayajaanza, kwa kuwa kijana anajua kwamba mzazi amekosea.

Ukweli huo ndio chambo chenyewe. Kwa kuwa akili inasaidia, mchezaji akishinda husema ni akili yake, na akishindwa husema ni bahati mbaya ya usiku ule, na kwa njia hiyo hakuna hasara inayoweza kumfundisha kitu. Mpwa wangu alianza na meza ndogo, ambazo dau la lazima, yaani lile linalowekwa kabla mtu hajaona karata zake, ni senti chache za dola, na kwa miezi minane alipata faida ya kweli. Faida ile ilimthibitishia kwamba anaujua mchezo, naye akapanda ngazi hadi meza zenye madau ya lazima ya dola 5 na dola 10. Kwa desturi, mtu huketi kwenye meza kama hiyo akiwa na mara 100 ya dau kubwa la lazima, yaani dola 1,000, ambazo ni karibu shilingi 130,000. Kiasi hicho ni zaidi ya mshahara wa mwezi wa walimu wengi niliofanya nao kazi, na kinaweza kuondoka katika mgao mmoja wa karata, kwa muda usiofika dakika mbili.

Naomba niruhusiwe kueleza hesabu yenyewe, kwa sababu ndiyo lugha ambayo vijana hawa wanaiheshimu. Jozi bora kabisa ya karata mbili za mwanzo ni ree mbili (karata zenye herufi A), na mchezaji huipata kwa wastani mara moja katika kila migao 221. Akikutana na mwenye jozi ya wafalme, na wote wawili wakaweka pesa zao zote kabla ya karata za katikati kufunuliwa, mwenye ree atashinda karibu mara 82 kati ya 100. Nafasi hiyo ni nzuri sana, lakini zile mara 18 zipo. Kwenye meza ya kawaida ya watu waliokaa pamoja, ambapo karata hugawiwa kwa mkono, hupita migao kama 30 kwa saa, kwa hiyo mtu anaweza kukaa zaidi ya saa saba kabla ya kuziona ree zake. Mtandaoni meza moja hupitisha migao 70 hivi kwa saa, na kijana hufungua meza nne kwa wakati mmoja. Mambo ambayo babu zetu wacheza karata wangeyaona mara moja kwa mwezi, yeye huyaona usiku mmoja, yakiwemo yale mabaya.

Zaidi ya hayo, hata mchezaji hodari hawezi kujua kwa haraka kama yeye ni hodari. Chukua mtu anayepata kwa wastani faida ya madau makubwa ya lazima matano katika kila migao 100, ambayo ni faida nzuri sana. Kupanda na kushuka kwa mchezo huu ni kukubwa kiasi kwamba, akicheza migao 10,000, bado ana nafasi ya karibu mara tatu kati ya kumi ya kujikuta amepata hasara. Kwa upande wa pili, mchezaji dhaifu anaweza kupata faida kwa miezi na kujiona bingwa. Na katika muda wote huo mwenye tovuti hukata kamisheni yake katika migao mingi, iwe fulani ameshinda au fulani ameshindwa. Tuseme watu sita wameketi na dola 1,000 kila mmoja, na tovuti inakata wastani wa dola 2 kwa mgao. Kwa migao 70 kwa saa, baada ya saa kumi dola 1,400 kati ya zile 6,000 zimeondoka mezani, karibu robo, na hakuna hata mmoja wa wale sita aliyezipata.

Mpwa wangu aliyajua haya kwa kichwa. Kilichomshinda ni saa za usiku. Meza za pesa nyingi hupata watu wengi pale wachezaji wa Kanada na Brazil wanapomaliza chakula chao cha jioni, na wakati huo hapa kwetu ni saa nane au saa tisa za usiku. Wao wanaketi wakiwa wamepumzika. Yeye alikuwa ameamka tangu alfajiri, na saa mbili asubuhi alitakiwa awe ofisini.

Tovuti hizi huhifadhi rekodi ya kila mgao ambao mtu amecheza. Nilimwomba azipakue zote, zikafika migao 214,000, na tukakaa kwenye meza ya chakula nyumbani kwangu Buruburu kwa siku tatu tukizipitia. Kwenye meza ndogo alikuwa na faida ya dola 1,900, na katika hizo alicheza vizuri, ninakiri. Kwenye meza kubwa alipoteza dola 11,400 katika usiku 19 tu, pesa zinazozidi shilingi milioni 1.4. Kisha nikamwomba apange hasara zile kwa saa. Sehemu kubwa ilikuwa imetokea ndani ya saa mbili baada ya kushindwa mgao mmoja mkubwa ambao alistahili kuushinda, yaani baada ya kupandwa na mori. Alikuwa akiweka madau ambayo mchana angeyacheka, huku programu tatu za mikopo ya simu zikimwongezea pesa kila alipobonyeza. Alizitazama zile safu za tarakimu kwa muda mrefu, halafu akaniambia kwamba mtu aliyecheza saa nane usiku hamjui. Nadhani hicho ndicho kitu cha kweli zaidi alichosema kuhusu mambo haya.

Vijana hawa wana mashujaa wao, na wa kwanza kutajwa huwa Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani ambaye mwaka 2003 alipata tiketi ya mashindano makuu ya dunia ya poka kupitia shindano la mtandaoni lililomgharimu chini ya dola 100, akashinda dola milioni 2.5. Habari hiyo ni ya kweli. Ni kweli pia kwamba mashindano yale yalikuwa na watu 839. Ningependa wamfahamu pia Viktor Blom wa Uswidi, aliyejulikana mtandaoni kwa jina la Isildur1, mmoja wa wachezaji wenye kipaji kikubwa kuwahi kuonekana, ambaye Desemba 2009 alipoteza karibu dola milioni 4.2 kwa mpinzani mmoja katika muda wa saa chache. Wamfahamu Gus Hansen wa Denmark, bingwa wa mashindano ya ana kwa ana, aliyepoteza zaidi ya dola milioni 20 mtandaoni katika miaka kadhaa. Sijui kijana wa Donholm au wa Roysambu anadhani ana nini ambacho watu hawa hawakuwa nacho.

Tena hao walishindwa na binadamu wenzao. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kampuni ya Facebook walitangaza programu ya kompyuta iitwayo Pluribus, iliyowashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita. Leo mtu anayeketi kwenye meza ya mtandaoni haoni uso wa yeyote, na hana njia ya kuhakikisha kwamba aliye upande wa pili si mashine, au si marafiki watatu wanaoambiana karata zao kwa simu. Na wenye tovuti je? Mwaka 2007 na 2008 iligunduliwa kwamba katika tovuti za Absolute Poker na UltimateBet kulikuwa na akaunti zilizoweza kuona karata za siri za wachezaji wengine. Mwaka 2011 serikali ya Marekani ilizifunga tovuti kubwa kwa wachezaji wa nchi hiyo, na ikabainika kwamba Full Tilt Poker ilikuwa na deni la takriban dola milioni 390 kwa wachezaji wake duniani, ilhali benki ilibakiwa na kama dola milioni 60. Wachezaji walioamini kwamba pesa zao zimehifadhiwa walisubiri kwa miaka kuzirudishiwa.

Sheria mpya ya udhibiti wa kamari, iliyotiwa saini Agosti 2025, imechukua nafasi ya ile ya mwaka 1966 na kuunda mamlaka mpya. Ninaipongeza hatua hiyo. Hata hivyo, meza ninazozizungumzia ziko kwenye tovuti zenye leseni za Malta, Curaçao au Kisiwa cha Man, na pesa huzifikia kupitia pochi za dola za mtandaoni. Naiomba mamlaka hiyo ishirikiane na Benki Kuu kuhakikisha kwamba mtu anayetuma pesa kwenye njia hizo anapata kila mwezi taarifa moja iliyo wazi ya jumla aliyotuma na jumla aliyorudishiwa, na kwamba akitaka kujifungia mwenyewe aweze kufanya hivyo kwa ombi moja lisiloweza kubatilishwa usiku uleule. Kampuni za mikopo ya simu nazo zizuiwe kutoa mkopo wa tatu kwa mtu yuleyule kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Pengine wenye kampuni hizo watasema ni kuingilia uhuru wa mteja, lakini mimi nimeziona tarehe na saa za mikopo ile.

Kwa wazazi, nasema msianze kwa kufoka. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya magonjwa, na mgonjwa hatibiwi kwa aibu. Ombeni mwonyeshwe rekodi, kaeni chini mzisome pamoja, hata kama hesabu zenyewe hamzielewi, kwa kuwa kijana anayelazimika kumweleza mamake usiku mmoja baada ya mwingine husikia maneno yake mwenyewe. Dada yangu hakusema lolote siku ile ya tatu. Alileta chai, akaketi nasi, akauliza tu ni tarehe gani ilikuwa ile ya pesa za ploti.

Mpwa wangu hajacheza kwa miezi saba sasa, na humlipa mamake shilingi 15,000 kila mwisho wa mwezi. Ploti imeshauzwa kwa mtu mwingine.

Kwa upande wangu, kuna jambo linalonisumbua. Kwa miaka 31 nilifundisha mada ya uwezekano kidato cha tatu kwa mfuko wenye mipira myekundu na myeusi, na wanafunzi wangu wakapata alama nzuri. Sikuwahi kuwaambia mtu hufanyaje anapotoa mpira mweusi mara tano mfululizo na kila mpira ni kodi ya nyumba yake. Nimemwomba mwalimu aliyechukua nafasi yangu anipe kipindi kimoja watakapofika kwenye mada hiyo muhula ujao, nami nitakwenda na pakiti ya karata pamoja na ile rekodi ya migao 214,000, jina likiwa limefutwa. Mpwa wangu amesema atakuja pia, akipata ruhusa kazini.

Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Buruburu, Nairobi