Adapta ya stendi ya injini: ukitaka kujitengenezea nyumbani

Baadhi ya wateja wa karakana yetu hapa Changamwe, Mombasa, hufungua injini wenyewe nyumbani, na sisi tunawaunga mkono. Kinachowakwamisha ni stendi, yaani fremu inayoshikilia injini hewani ili uizungushe ukiifanyia kazi. Mikono yake minne haifiki kwenye matundu ya bloku (mwili wa injini), au inafika ikiwa imetanuliwa hadi mwisho na kulegea. Dawa yake ni adapta: bamba la chuma linalofungwa nyuma ya bloku, pale palipokuwa na giaboksi, likiwa na bomba linaloingia kwenye shingo ya stendi.

Tafadhali usitutumie picha ya simu ukidhani tutapata vipimo. Giaboksi uliyoishusha ina mpangilio ule ule wa matundu. Lalisha katoni juu ya uso wake, gonga taratibu kwa nyundo kwenye kingo za matundu, na alama zitajichora zenyewe. Upande unaokutazama uandike “injini”, usije ukatoboa bamba kinyume.

Sasa uzito. Tuseme injini ya dizeli ya Hiace ina kilo 200, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 35 mbele ya bamba. Ikiwa boliti za juu na za chini zimeachana sentimita 25, zile za juu zinavutwa kwa nguvu ya kama kilo 280. Boliti nzuri za daraja la 8.8 (namba ya nguvu iliyochorwa kichwani) zinahimili hilo bila shida. Mahali pa kuogopa ni pale bomba linapochomelewa kwenye bamba. Wengi husimamisha bomba juu ya bamba na kuzungusha mshono mmoja tu. Usifanye hivyo! Toboa bamba, pitisha bomba, chomelea pande zote mbili, kisha ongeza vipande vya pembetatu vya kushikilia. Bamba liwe la milimita 10 kwa injini ya Probox, 12 kwa dizeli. Mabomba ya maji yenye zinki tunayakataa kabisa: ni membamba, na moshi wake ukichomelewa unaumiza mapafu.

Vua flaiwili (gurudumu zito lililo nyuma ya krenki) kwanza, na uweke vibomba vifupi kati ya bamba na bloku ili krenki (shafti kuu inayozunguka ndani ya injini) isigusane na chuma. Vikiwa virefu mno vinaongeza mzigo. Bloku ikiwa ya alumini, boliti ya milimita 10 iingie ndani angalau milimita 15. Bomba la katikati likae juu kidogo ya usawa wa krenki, la sivyo injini itapinduka yenyewe ukichomoa pini inayozuia shingo ya stendi isizunguke.

Kama huna uhakika na uchomeleaji wako, kata na utoboe nyumbani, kisha utuletee tumalizie mshono. Siku ya kupandisha injini, usivue cheni ya winchi mara moja: ilegeze kidogo, ukague mishono yote, uzungushe injini polepole, ndipo uivue.